Tone mbili zenye zinabaki: ni za nani?

Kama unakaa karibu na barabara ya Kolwezi, Likasi, Lubumbashi mpaka Kasumbalesa, hauna lazima mutu akuambie ni nini inapita mbele ya mulango yako. Mutoto wa miaka sita anajua. Kwa mulio wa motere tu anakuambia: hii kamyo iko na muzigo, ile inarudia bule. Mama mwenye kuuza mikate pembeni ya barabara anafunika beseni yake mara na mara juu ya vumbi. Na shofere, mutoto wetu, njo ule mwenye kulala chini ya remorki ku Kasumbalesa siku tatu, siku ine, akingojea karatasi.

Leo tunataka kuzungumuza juu ya jambo moja yenye inaonekana ni ya mafundi na ya mapatro peke yao: kamyo inatengenezwa na nini. Remorki zingine zenye tunaona siku hizi si za chuma, ni za aliminiyomu. Zinang'aa bila kupakwa rangi. Watu wanasema ni urembo wa matajiri. Hapana, si urembo. Ni hesabu, na ile hesabu inagusa mfuko wa shofere, mapafu ya mutoto, na ile barabara yenye sisi wote tunapita.

Tuanze na uzito. Kama ungeweza kumimina chuma mu shupa ya litre moja, ile litre ingepima kilo 7,85. Aliminiyomu ingepima kilo 2,7. Shaba yetu, karibu kilo 9. Mutu yeyote mwenye amekwisha kubeba sufuria ya aliminiyomu kwa mukono moja na chungu cha chuma kwa mukono ingine anajua bila kusoma kitabu.

Lakini pole pole. Usiwaze kama remorki ya aliminiyomu inapima theluthi moja tu ya ile ya chuma. Aliminiyomu inajikunja mara tatu zaidi kuliko chuma, kwa hiyo fundi analazimishwa kuweka mbao ya pembeni yenye unene zaidi, na boriti yenye urefu zaidi kutoka juu mpaka chini. Mwisho wa mambo yote, kipande kimoja cha remorki kinaweza kupunguka karibu nusu ya uzito, si zaidi. Na vipande vingine, kama eksi na ressort, vinabaki chuma siku zote.

Sasa weka ile kamyo ku mizani. Zambia inaruhusu uzito wa jumla wa tone 56, kamyo na remorki na muzigo pamoja. Tanzania vilevile. Shaba yetu yenye inaenda Dar es Salaam ao Durban inapitia Zambia, basi inapita ku baskili za Zambia, utake usitake. Tuseme kichwa na remorki mbili, bila muzigo, zinapima tone 21. Inabaki tone 35 za shaba. Tuseme tena patro anabadilisha: anaweka janti za aliminiyomu, tanki ya mazutu ya aliminiyomu, kuta na sakafu na boriti zingine za aliminiyomu. Anapungusha tone 2. Ku mizani ileile, kwa sheria ileile, sasa anabeba tone 37.

Tone mbili, unasema, ni nini? Inchi yetu inatosha zaidi ya milioni mbili za tone ya shaba kwa mwaka. Kama unabeba milioni mbili kwa tone 35, unahitaji safari zaidi ya 57 000. Kwa tone 37, safari 54 000 na kidogo. Ile tofauti ni safari elfu tatu. Elfu tatu kwenda, elfu tatu kurudi. Na hapa hatuhesabu kobalti, wala makamyo yenye kuleta asidi, chokaa, mazutu na unga. Ni kweli, shaba ingine inaanza kupita mu treni ya upande wa Lobito, na sisi wenye tulikomalia mu kambi za Gécamines tunakumbuka wakati treni ilibeba karibu yote. Lakini leo, mbele ya mulango ya mama wa mikate, ni kamyo.

Kwa hiyo faida iko. Tusikatae. Hata wakati wa kurudia bule, kamyo mwepesi inakunywa mazutu kidogo, haswa ku milima. Aliminiyomu haioze kutu kama chuma. Hewa yenyewe inaifunika na ngozi nyembamba yenye kuikinga. Janti ya aliminiyomu, yenye Alcoa ya Marekani ilianza kutengeneza kwa makamyo mu 1948, inapitisha moto wa freni mbio kuliko ya chuma. Shofere mwenye ameteremuka Kitonga kule Iringa, ao mulima wa Chirundu, na moshi unatoka mu mapine, yeye hana lazima tumufasirie faida ya ile.

Na citerne za mazutu, pale njo aliminiyomu inashinda kabisa. Citerne inapimwa kila safari na inajazwa kila safari, basi kila kilo yenye unatosha ku ngozi ya citerne inakuwa kilo ya mazutu yenye unauza. Tena haina kutu yenye inaingia mu mazutu na kuharibu pompi ya motere.

Lakini mutu mwenye kukuuzisha remorki ya kung'aa hawezi kukuambia mambo yote. Sisi tutayasema.

Ya kwanza: aliminiyomu na shaba hazipatane. Wafanyakazi wa electrolyse wanajua vile metali mbili ndani ya maji yenye chumvi ao asidi zinaanza kulana. Weka katodi zenye maji-maji ya asidi moja kwa moja juu ya sakafu ya aliminiyomu, acha mvua ya mwezi wa kumi na mbili inyeshe juu, na nyuma ya muda utaona matundu madogo-madogo kama ya ndui. Shaba yenye imeyeyuka kidogo inajibandika juu ya aliminiyomu, na fasi ile inaanza kulika. Kwa hiyo lazima mbao chini ya katodi, lazima kusafisha sakafu na maji safi, lazima bashi isiyopasuka. Chokaa nayo, kama imelowana, inakula aliminiyomu. Asidi ya sulfuriki yenye tunatumia mu viwanda vya kusafisha shaba, ile usiwaze hata kidogo kuitia mu citerne ya aliminiyomu. Kila muzigo na chombo chake.

Ya pili: mawe. Mu carrière, pale pelle inaangusha mawe ya tone nzima kutoka juu, benne ya chuma kigumu inabaki mwenyewe. Benne ya aliminiyomu ni ya muchanga, ya makaa, ya mahindi. Hatuoni juu ya nini mutu angeipeleka ku mawe ya Kamoto.

Ya tatu ni barabara yenyewe, na hapa tunaomba musomaji avumilie kidogo, juu njo fasi watu wengi wanadanganyika. Chuma iko na tabia ya punda: ukimutikisa chini ya nguvu yake, anavumilia miaka na miaka kama hakuna kitu. Aliminiyomu haina ule muvumilivu. Kila mutikiso, hata mudogo, inauandika mu daftari yake. Mitikiso ikifika hesabu, ufa unatokea, mara mingi pembeni ya fasi yenye ilisudewa. Remorki yenye ilitengenezwa kwa barabara laini za Ulaya, ukiileta ku barabara yetu yenye mashimo, inamaliza daftari yake mbio sana. Basi kama unanunua, uliza kama ilichorwa kwa barabara mubaya. Kama muuzaji anacheka tu na kukuonyesha vile inang'aa, rudisha pesa mu mfuko.

Na ufa ukitokea, nani atausude? Tulipita juzi mu garaji moja ku barabara ya Likasi. Remorki ya aliminiyomu ilikuwa pale, imeegemea juu ya mbao, mwezi wa pili sasa. Fundi, baba wa miaka makumi tano na zaidi, alituonyesha fasi kijana moja alijaribu kusude na baguette ya chuma ya kila siku. Ilikuwa kama mutu amepika uji akaumwanga. Aliminiyomu inahitaji gazi ya argon, inahitaji poste ya namna ingine, inahitaji kusafishwa vizuri mbele ya kuanza, juu ile ngozi yenye kuikinga inayeyuka ku moto wa zaidi ya digri 2 000, wakati aliminiyomu yenyewe inayeyuka ku 660 tu. Kijana anangojea ngozi iyeyuke. Ndani kumekwisha kuwa maji, kipande kizima kinaanguka chini. Tena, aliminiyomu ya boriti ikishika moto wa kusude, inapoteza pengine theluthi moja ya nguvu yake pale pembeni, wakati mwingine zaidi. Fundi wa kweli anaongeza kipande juu, anajua fasi gani hapana kugusa kabisa. Ule baba alituambia hivi: kazi hii angeifanya, amejifunza zamani, lakini shupa ya argon iko bei na mwenye remorki hataki kulipa. Anataka bei ya chuma.

Hapo tunaona kazi kwa vijana wetu. Shule zetu za ufundi bado zinafundisha kusude chuma, na ni vizuri. Lakini kama kila mwaka remorki za aliminiyomu zinaongezeka, juu ya nini tungoje fundi atoke inchi ingine aje kusude mbele ya macho ya watoto wetu wenye diplome? Kampuni za mugodi ziko na lazima ya kusaidia watu wenye kukaa karibu nazo. Kodi ya mine inabakisha sehemu kwa entité. Poste moja ya argon mu shule ya Kolwezi haitashinda bei ya jeep moja.

Sasa turudie ku ile tone mbili. Ni za nani?

Patro anaweza kuzitumia kwa njia mbili. Njia ya kwanza: anajaza palepale, anabeba 37 pahali pa 35, ku mizani ni 56 kama mbele. Barabara haioni tofauti kwa kamyo moja, lakini makamyo yanapunguka. Njia ya pili, yenye hakuna mutu anapenda kuisema: ku upande wetu, fasi mizani hazipo ao zimelala, anaongeza tone mbili juu ya zingine zenye alikuwa anazidisha tayari. Pale aliminiyomu inakuwa njia ya kuvunja barabara na akili zaidi.

Na kuvunja barabara si maneno. Kati ya 1958 na 1960, mu Illinois kule Marekani, wainjenieri walijenga barabara za kujaribu, wakaweka makamyo yazunguke, yazunguke, siku kwa siku karibu miaka miwili, juu ya kuona uzito gani unaharibu kiasi gani. Walikuta kitu cha kushangaza: ukiongeza uzito wa eksi, uharibifu hauongezeki vilevile, unaruka. Zidisha eksi moja kwa sehemu makumi mbili kwa mia, uharibifu unakuwa mara mbili. Zidisha uzito mara mbili, uharibifu unafika karibu mara kumi na sita. Ile shimo ya mbele ya mulango yako si mvua peke yake iliichimba. Mvua ilikuja kumaliza kazi ya eksi.

Kwa hiyo sisi tunasema wazi: aliminiyomu bila mizani haitusaidie kitu. Mizani iwe ku mulango ya kila mugodi, mbele kamyo haijagusa barabara ya inchi, na karatasi ya uzito ipewe shofere mukononi. Leo, kamyo ikisimamishwa ku Kafulafuta ao mbele zaidi juu ya uzito, shofere njo anayekaa pale na jua, njo anayelala bila chakula, njo anayepigiwa simu ya matusi. Mwenye kujaza hakuonekane. Shofere hana mashini ya kupima mu macho yake.

Tena kuna jambo ya mushahara. Mashofere wengi wanahesabiwa kwa safari. Safari zikipunguka elfu tatu kwa mwaka, ni furaha kwa patro, ni furaha kwa mama wa mikate. Lakini ule kijana mwenye alikuwa anapata safari tatu kwa mwezi na sasa anapata mbili na nusu, yeye atakulisha watoto na nini? Kama kamyo inabeba zaidi, malipo ya safari yapande vilevile. Hatuombi sadaka. Tone mbili za shaba kila safari ni pesa mingi. Shofere na mecanicien wakipata kipande chake, hakuna kampuni yenye itaanguka. Wajumbe wa sendika waweke neno hili ku meza wakati wa kuzungumuza mikataba, na waliweke mbele remorki mpya hazijafika, si nyuma. Nyuma, watawaambia bei imekwisha kuhesabiwa.

Tungependa kusema neno moja juu ya moto pia. Watu wanasema citerne ya aliminiyomu haitoe cheche kama ya chuma. Ni kweli kidogo: aliminiyomu safi ikikwaruza barabara haitoe cheche kama chuma, lakini ikigonga chuma yenye kutu inaweza kuzitoa, na kali. Na mu moto inayeyuka mbio. Mu Sange, kule Kivu ya Kusini, tarehe 2 mwezi wa saba 2010, citerne ya esanse ilipinduka na watu zaidi ya 200 walikufa. Wengi walikuwa wamekaribia kuchota ao kuangalia. Kama citerne imelala, iwe ya kung'aa ao ya kutu, shika mutoto wako mukono, weka bido chini, ondoka. Ku barabara yetu, mu 2019, kamyo ya asidi iligongana na magari mingine karibu na kijiji Kabwe, watu karibu makumi mbili wakakufa. Citerne yenye uzito kidogo inasimama mbio kidogo zaidi kama haijajazwa kupita kipimo. Hakuna zaidi ya pale tunaweza kuahidi. Mwendo na usingizi wa shofere vinabaki vilevile.

Na hii aliminiyomu inatoka wapi? Si mu udongo wetu wa Katanga. Inatoka mu bauxite, na Afrika Guinea njo iko na mingi. Inapatikana kwa electrolyse, njia yenye Hall wa Marekani na Héroult wa Ufaransa waliivumbua mwaka mumoja, 1886, bila kujuana. Ni ndugu wa kazi yenye Shituru inafanya juu ya shaba, lakini inakula moto wa umeme wa ajabu: tone moja ya aliminiyomu inaomba karibu mara sita ao saba ya umeme wa tone moja ya shaba ya electrolyse. Njo maana watu walikuwa wanataka kujenga kiwanda chake karibu na Inga. BHP Billiton ilikuwa na ule mupango mu Bas-Congo, ikauacha mu 2012. Waya mukubwa wa Inga unafika mpaka Kolwezi tangu 1982, na kambi zenye ziko chini ya ule waya bado zinalala giza. Basi tunanunua remorki.

Lakini aliminiyomu ya zamani, ile tunayo. Kuiyeyusha tena kunaomba sehemu tano tu kwa mia ya umeme wa kutengeneza mupya. Mafundi wetu wa sufuria wanajua hii kazi tangu zamani: piston ya kale, carter ya boite, vinaingia mu moto, vinatoka sufuria ya bukari. Wenye mitraille nao wanajua bei yake, na hapo tunaonya wenye makamyo: janti ya aliminiyomu yenye imelala inje usiku mumoja, asubui unakuta matofali ine. Sentineli na minyororo vihesabiwe mu bei.

Kwa mashofere na wabibi wao wenye kusoma ukurasa huu: ku kila remorki kuna plaque, mara mingi mbele ku upande wa kuume ao ku châssis, imeandikwa poids à vide na charge utile. Ipanguse vumbi, soma zile namba mbili, ziandike mu kakitabu. Siku mutu wa kujaza atakuambia "hii ni aliminiyomu, inaweza tu", utamuonyesha namba.